Kihamba Juu, Shamba Chini: Hadithi ya Vipande vya Ardhi Yetu

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, ofisa kijana wa jeshi, alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro. Kila mwaka katika sherehe yetu hapa ughaibuni tunawasimulia watoto habari za kilele hicho. Mwaka huu tushuke kidogo mpaka kwenye migomba, tuwaeleze jinsi watu wa mlima ule walivyolima, kwa maana jambo lenyewe bado linatuhusu.

Mkulima wa Kilimanjaro hakuwa na shamba moja. Juu alikuwa na kihamba: nyumba, migomba, kahawa kivulini, ng'ombe wawili watatu zizini, na mfongo wa maji uliopita jirani. Chini tambarare, mwendo wa saa moja, mbili au zaidi kwa miguu, alikuwa na shamba la mahindi, maharage na ulezi. Wengine walikuwa na vipande vitatu au vinne, kila kimoja mahali pake.

Hasara zake zilikuwa wazi, na waliozibeba zaidi ni mama na bibi zetu. Walishuka alfajiri na jembe, wakapanda jioni na mzigo wa majani na mabua ya ng'ombe kichwani. Shamba la mbali halina mlinzi. Nyani na mwizi hufika kabla ya mwenyewe. Samadi nayo ilibaki juu, maana nani angeibeba mpaka chini?

Lakini wazee wetu walikuwa na sababu. Juu mvua ni nyingi, chini ni haba. Mwaka ambao mahindi yalikauka tambarare, ndizi zilikuwapo kihambani. Majani ya chini yalilisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ikalisha migomba. Hata mbege ilizikutanisha ardhi hizo mbili katika kata moja: ndizi ya juu na ulezi wa chini. Vipande vile vilikuwa akiba ya mwaka mbaya.

Kutawanyika ni jambo moja, kukatwakatwa ni jingine. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio walioangaliwa mbele katika urithi, wa mwisho akibaki na nyumba ya baba. Wa katikati walitafutiwa ardhi mpya, nayo ilikuwapo. Tangu enzi za Wajerumani walowezi walichukua maeneo makubwa. Kisha ikaja kahawa: wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Kahawa ilisomesha watoto, lakini pia iliifanya kila hatua ya kihamba kuwa mali. Watu wakaongezeka, ardhi tupu ikaisha, na kihamba cha baba kikaanza kukatwa kwa kamba.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu dawa nyingine. Kwa Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vilivyotawanyika, hasa katika nchi ya Wakikuyu, kila mwenye ardhi apate shamba moja lenye hati. Wengi walipanda kahawa na chai, wakafaidika. Lakini kazi ile ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari, maelfu wakiwa vizuizini, na wako waliorudi wakakuta mipaka imekwisha kuwekwa bila wao. Baadaye mashamba mengi yaliyounganishwa yaligawanywa tena kwa wana na wajukuu.

Kwetu Tanzania, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu ili wapate shule, zahanati na maji. Sehemu nyingi nyumba zilikaribiana, lakini mashamba yakawa mbali. Vihamba vya Kilimanjaro, ambako watu walikwisha kubanana, kwa kiasi kikubwa viliachwa vilivyo.

Historia hii inatufundisha kwamba mipaka inaweza kuchorwa upya kwa siku moja, lakini bila kulijibu swali la urithi vipande hurudi. Na swali hilo limetufuata mpaka huku. Wangapi kati yetu tunadai kipande cha kihamba tusichokilima, tujenge nyumba ya kulala wiki mbili za Krismasi? Tukikata ndugu watano, na watoto wetu wakakata tena, anayebaki nyumbani akilima atabaki na nini?

Tunapendekeza kila familia izungumze wazee wakiwa bado hai. Kihamba kibaki kizima kwa jina la ukoo, kitunzwe na anayelima, nasi wa mbali tubaki na haki ya kurudi, kulala na kuzikwa. Mabinti wasisahauliwe: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume juu ya ardhi, na wao ndio waliopanda na kushuka mlima ule na mizigo.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.