Mikono Iliyolitarizi Joho la Syon



Tunapomwona padri amevaa kasula ya sherehe, macho yetu huvutwa na nakshi. Ni mara chache tunauliza ni nani aliyeishona. Historia ya Ulaya yatuonyesha kwamba usahaulifu huo ni wa zamani.

Katika karne za 13 na 14, mafundi wa Uingereza, hasa wa London, wanaume kwa wanawake, walisifika mno kwa kutarizi mavazi ya ibada. Hariri haikuzalishwa kwao. Waliletewa na wafanyabiashara kutoka nchi za mbali. Uzi wao wa dhahabu ulikuwa utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, uliozungushwa juu ya uzi wa hariri. Waliulaza juu ya kitambaa, kisha uzi wa kitani ukauvuta kidogo hadi upande wa nyuma na kuushika huko. Hivyo vazi zito liliweza kukunjika vizuri, na uzi ulioshikilia kazi yote haukuonekana. Mwaka 1295, orodha ya hazina ya Papa ilitaja kazi hiyo ya Kiingereza zaidi ya mara 100.

Majina ya mafundi hao karibu yote yamepotea. Twamjua Mabel wa Bury St Edmunds kwa sababu mfalme Henry III alimwagiza kazi, na makarani wa ikulu wakaandika malipo yake.

Joho la Syon lilitariziwa kati ya 1310 na 1320. Upana wake ni karibu mita 3, nalo laonyesha Bikira Maria akivikwa taji, Kristo msalabani na Malaika Mikaeli. Baadaye lilitunzwa na masista wa monasteri ya Syon, iliyoanzishwa mwaka 1415. Uingereza ilipojitenga na Roma katika karne ya 16, mavazi mengi yalikatwa, yakauzwa, au yakachomwa ili dhahabu yake ipatikane. Masista hao walikwenda uhamishoni, hatimaye Lisbon, joho likiwa mikononi mwao. Lilirudi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na tangu 1864 limo katika makumbusho ya London ambayo leo yaitwa Victoria and Albert.

Aliyelitarizi hakuna amjuaye.

Katika parokia zetu wapo akina mama wanaoshona vitambaa vya altare. Majina yao tunayajua leo. Basi tuyaandike katika daftari la parokia, tungali tunayakumbuka.