Gereza Lisilo na Mfungwa

Mwambie mtu wa Dar kwamba umetoka Kilwa na huko uliingia gerezani. Kwanza atakutazama mikononi, halafu atakuuliza kwa sauti ya chini ulifanya kosa gani. Mimi yalinikuta. Ilibidi nieleze kwamba Gereza la Kilwa Kisiwani si Keko wala Ukonga. Ni ngome ndogo ya mawe, imekaa ufukweni kabisa, na ukivuka kwa mashua kutoka Masoko ndiyo inayokupokea kabla hujaona kingine. Askari hakuna, mfungwa hakuna. Siku hizi wanaoingia ni wageni wenye kibali, na mijusi wasio na kibali.

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana sisi tunaojifunza kuandika tuna tabia ya kutumia maneno bila kuyauliza kwao ni wapi. Mreno kanisa analiita igreja. Wataalamu wa lugha wanasema gereza letu limetoka hapo. Haya, fikiri mwenyewe safari ya neno hilo. Mgeni anataja nyumba ya sala. Mwenyeji anatazama, anaona kuta nene, mizinga na mlango uliofungwa. Neno likabaki kwetu na maana ya ngome, kisha ya mahali pa kufungia watu. Hakuna aliyeitisha kikao cha kuamua hivyo. Watu waliona, wakasema walichokiona.

Na kulikuwa na mambo ya kuona. Kilwa ulikuwa mji wa watu wenye nazo: dhahabu ya Sofala ilipita hapo, sarafu zake ulizipiga wenyewe, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu. Mwaka 1502 Vasco da Gama akatia nanga na mizinga yake, akadai kodi. Mtawala akalipa kwa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, ikafuliwa chombo cha ibada cha kuwekea ekaristi, kikakamilika mwaka 1506. Kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la huko Lisbon, kimetunzwa vizuri. Naomba ukumbuke hicho chombo, nitakirudia.

Julai 1505 akaja Francisco de Almeida. Safari hii hapakuwa na mazungumzo marefu. Amir Ibrahim alikimbia, mji ukaporwa, na Wareno wakachagua nyumba imara karibu na maji, wakabomoa za jirani, wakajenga ngome. Waliiita Santiago. Almeida alimwandikia mfalme wake akijigamba kwamba ni imara kiasi kwamba mtu angeweza kukaa humo akamsubiri mfalme wa Ufaransa aje. Bwana mkubwa! Mfalme wa Ufaransa hakuja, na dhahabu nayo haikuja kama walivyotarajia. Mwaka 1512 wakafungasha wakaondoka. Miaka saba tu, lakini mpaka leo kila mtu anakuambia "ngome ya Mreno".

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya unachokiona pale ni kazi ya Waomani, waliojenga upya juu ya magofu ya Mreno mnamo mwaka 1800. Wakati huo biashara ya Kilwa ilikuwa imegeuka sura. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alikuwa ameshatiliana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Tusijifanye hatuoni: mmoja wa waliotia mkono katika mkataba huo alikuwa mtawala wa hapo hapo.

Sasa ndani ya mashua tulikuwa na kijana mmoja, mwanafunzi kama mimi, akauliza swali ambalo nililiogopa. "Kwa nini tulitengeneze? Ni nyumba ya waliotuonea. Bahari ikitaka kulichukua, lichukuliwe." Mzee wa mashua alikuwa ameshika usukani, akacheka. "Mwanangu, hayo mawe wewe unadhani Mwarabu alijichomea chokaa mwenyewe?"

Jibu hilo limenikaa. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa, ufundi ule ule uliojenga misikiti ya Kisiwani karne nyingi kabla Mreno hajaijua njia. Unapanga magogo, juu yake unarundika vipande vya matumbawe, unawasha moto mpaka jiwe liwe jeupe na lenye kuvunjika. Halafu chokaa inamwagiwa maji na kuachwa ikomae. Ni kazi ya mgongo na ya subira. Amri ilitoka kwa mgeni, sawa. Lakini mkono je?

Na ujuzi huo ndio uliookoa ngome. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, lakini mwaka 2004 zikaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inalila Gereza miguuni, na sehemu ya ukuta wa upande wa maji ilishaanguka. Waliokuja kutengeneza hawakumwaga saruji. Saruji ni ngumu mno kwa jiwe la matumbawe. Inafungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe linamomonyoka nyuma yake huku nje panang'aa. Ikabidi kurudi kwenye chokaa, na wanakijiji wakashiriki kazi. Ufukweni ikapandwa mikoko ya kuvunja nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ile ya hatari.

Basi ndiyo nasema, kile chombo cha Lisbon hakina shida. Kina kioo, kina mlinzi, kina taa yake. Huku kwetu ushahidi wa namna dhahabu hiyo ilivyoondoka umesimama kwenye maji ya chumvi. Ukianguka, hadithi nzima itabaki na upande mmoja tu, tena upande unaong'aa. Mimi sitaki Gereza lipendeze. Lisimame tu.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yanajaa. Mzee akatuonyesha mikoko michanga, maji yameifika shingoni.

"Hiyo ya pili," akasema. "Ya kwanza ilisombwa karibu yote."

"Mkafanya nini, mzee?"

"Si unaiona? Tulipanda tena."

Akageuza tanga, tukaelekea Masoko.