Miswada ya Kale Katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Watu wengi wakisikia habari za maonyesho ya vitu vya kale hufikiria makumbusho, mahali palipo na ngoma, mikuki, vyungu na viti vya enzi. Lakini maktaba za vyuo vikuu nazo zina hazina yake, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ni miswada, yaani vitabu na barua zilizoandikwa kwa mkono. Mswada ukiwekwa ndani ya kabati la kioo, mtazamaji huona karatasi iliyochakaa na maandishi asiyoweza kuyasoma, akapita. Makala haya yanakusudia kumsimamisha mtazamaji huyo.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1962, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Haja ilikuwa kubwa, maana ukoloni ulikuwa umewafundisha watu wengi kwamba Mwafrika hakuwa na maandishi mpaka alipoletewa na mgeni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 chuo kikuu kilichokuwa kikikua Dar es Salaam kilikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, kazi iliyoongozwa na J.W.T. Allen. Orodha ya miswada hiyo, pamoja na kanda za sauti, ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kusimama peke yake. Hivyo hoja ya mkoloni ilipata jibu lake, nalo ni jibu linaloshikika kwa mkono.

Mswada una mambo ya kueleza hata kabla ya kusomwa. Karatasi nyingi za mwambao zililetwa na majahazi kutoka ng'ambo, na baadhi yake, zikielekezwa kwenye mwanga, huonyesha alama za kiwanda cha Ulaya. Basi karatasi yenyewe ni ushahidi wa biashara. Wino mweusi ni wa maneno, na mwekundu mara nyingi ni wa kutenga vipande vya beti. Chini ya ukurasa mnakili huweza kuandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika zirudishwe katika mpango wake. Mwishoni pengine hutaja jina lake na tarehe ya Hijra, akaomba asamehewe makosa.

Hata hivyo, maneno ndiyo roho ya mswada, na hapo ndipo penye shida. Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu kina alama za irabu tatu, na Kiswahili kina irabu tano; tena hakina herufi za baadhi ya sauti zetu, kama vile p, ch na v. Mnakili wa zamani aliweza kuandika kwa namna moja maneno bata, pata na mbata, akamwachia msomaji kutambua lililokusudiwa. Asiyeijua lugha vizuri, hata akizijua herufi zote, hupotea. Kwa hiyo kila mswada ulimhitaji mtu aliye hai wa kuusoma.

Mfano mzuri ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mengi yalikuwa yamehifadhiwa vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya, akayaandika na kumfafanulia mmisionari Mwingereza, W.E. Taylor, maneno yaliyokuwa yameanza kusahaulika. Karatasi za Taylor zimo leo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, na diwani ya Muyaka ilichapishwa na W. Hichens mwaka 1940. Hazina hiyo huitwa kwa jina la Taylor. Lakini tujiulize: bila Mwalimu Sikujua, Taylor angekusanya nini? Mashairi ya kumjibu adui na ya kucheza na maneno yangekuwa fumbo lisilo na mfumbuzi.

Hili ndilo jambo kuu. Kadi inayowekwa kando ya kitu cha maonyesho kwa kawaida humtaja aliyekusanya. Yafaa imtaje pia aliyetunga, aliyenakili, aliyefafanua, na nyumba iliyoutunza mswada usiliwe na mchwa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Kazi kama hiyo ilitufikia kwa sababu kulikuwa na watu walioinakili na kuisoma majumbani, wanawake miongoni mwao. Hao ndio waliokuwa watunza maktaba wa kwanza.

Miswada mingine iko mbali nasi. Mswada mmoja wa Chuo cha Herekali, utenzi wa Pate ambao tarehe yake huhesabiwa kuwa 1728, uko Hamburg, Ujerumani. Picha za miswada mingi sasa huweza kuonekana kwa intaneti, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini picha, kama kabati la kioo, humfaa ajuaye kusoma. Mwanafunzi wetu asiyezijua herufi hizo ataendelea kuwa mgeni mbele ya maandishi ya babu zake.

Zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali pa kufundishiwa, wazee hawakuvitenganisha. Basi mwalimu anayewapeleka wanafunzi kuitazama miswada asitosheke na kuwaonyesha. Na awafundishe angalau herufi chache, wausome mstari mmoja kwa pamoja, kisha waulize ni nani aliyeuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Litakalotupotea ni uwezo wa kulisoma.