Niandikie: mkopo ulivyotoka kwenye daftari hadi kwenye simu

Baba yangu mdogo alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, na juu ya kaunta palikaa madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la mali iliyoingia. La pili jalada lake lilikuwa limechakaa, na kalamu yake ilifungwa kwa uzi kwenye msumari isipotee. Mteja akisema "niandikie", Baba Mdogo alilifungua hilo la pili. Majina hayakuwa ya kwenye vyeti: fundi baiskeli, mama wa mbele ya msikiti, mke wa mwalimu. Chini ya kila jina palikuwa na sukari nusu, mafuta ya taa chupa moja, sabuni mche mmoja. Mshahara ukitoka, deni linalipwa na mstari unapigwa. Asiyepigiwa mstari miezi miwili alianza kupita njia ya nyuma.

Leo mabenki yanatufundisha kwamba kukopesheka ni jambo jipya, la kadi na la kompyuta. Pwani yetu ilijengwa kwa mkopo kabla benki hazijafika. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na mpaka Kongo ilibeba vitambaa, shanga na bunduki ambazo mwenye msafara hakuwa amezilipia. Mali ilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, nayo ingelipwa kwa pembe za ndovu msafara ukirudi. Taria Topan alikuwa mmoja wa wakopeshaji wakubwa, na miongoni mwa waliochukua mali yake ni Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Huyu aliingia bara katika safari yake kubwa, na hakuonekana tena Unguja hadi mwaka 1882, zaidi ya miaka kumi baadaye. Muda wote huo deni lilisimama juu ya jina lake. Lakini tusiipambe historia hiyo. Pembe zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi waliofika pwani na misafara walifika kama watumwa. Faida iliyolipa madeni ya Unguja ilitoka pia kwenye shingo zao.

Tangu zamani, basi, tulikuwa na mikopo ya namna mbili. Kuna wa msafara: unachukua kwa jumla, kwa kazi moja inayojulikana, unalipa kazi ikizaa. Na kuna wa daftari: unachukua kidogo kidogo, unalipa, unachukua tena. Nikiona mtu anahangaika kuchagua kati ya mkopo wa benki na kadi ya mkopo, naona anauliza swali lile lile. Mkopo wa benki ni msafara. Kadi ni daftari, na daftari lina raha yake iwapo ukurasa unafungwa kila mwisho wa mwezi. Kwa kawaida mwenye kadi akilipa yote kwa wakati, ununuzi wake hautozwi riba. Akilipa kile kiwango cha chini tu, riba inaanza kula, na sukari ya mwezi wa kwanza ataendelea kuilipia hata baada ya mfuko kutupwa. Kuezeka nyumba kwa kadi, kwa maoni yangu, ni kupeleka msafara Ujiji kwa daftari la dukani.

Riba nayo ina historia ya kubadili jina. Unguja na Pemba, ambako dini inaikataza, mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha aliliuza kwa bei ya khiyari: analiuza akiwa na haki ya kulikomboa, anabaki humo humo akilipa kodi. Kodi ile ndiyo ilikuwa riba. Karafuu ziliposhuka bei, wengi walishindwa kukomboa, na mwaka 1934 serikali ya Unguja ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wakopeshaji bila idhini.

Bara, serikali za kikoloni zilikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapoumia. Tanganyika na Kenya ziliwekewa sheria za kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Nchini Kenya, sheria ya 1948 iliweka mpaka wa shilingi 200: deni la Mwafrika likizidi hapo bila idhini, mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kulidai mahakamani. Ilisemwa kwamba ni ulinzi, Mwafrika asinyonywe. Fikiria muuza duka mdogo wa Murang'a anayetaka kuchukua magunia kumi ya sukari kwa muuzaji wa jumla. Uaminifu wake, miaka yake ya kulipa bila kukosa, vyote havikuwa na uzito mbele ya hakimu. Ardhi aliyolima haikuwa na hati ya kuweka rahani. Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ya Kenya, ulipoanza kuhimiza hati, mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba mkulima apate kukopa. Kizazi kizima kilinyimwa nafasi ya kujijengea jina, kisha kikaambiwa hakijui biashara.

Uhuru ulikuja, na Tanzania ikataifisha mabenki Februari 1967, lakini mtu asiye na mshahara wala hati aliendelea kusimama nje ya mlango wa benki. Akina mama wa pwani waliendelea kucheza upatu.

Mlango ulifunguliwa na simu. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari nchini Kenya. Mtu aliweza kukopa kuanzia shilingi 100, bila dhamana, kwa kuangaliwa anavyotumia simu, M-Pesa na akiba yake. Kwa mara ya kwanza muuza mboga wa soko la Gikomba alikuwa na daftari lililofahamika mjini. Gharama yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na iliitwa ada. Mwaka 2014 M-Pawa ikaingia Tanzania; 2019 Kenya ikapata Fuliza, inayokujazia salio la M-Pesa lisipotosha. Halafu programu za mikopo zikamiminika, na Watanzania wakaipa mikopo mibaya jina linaloitosha: kausha damu.

Deni dogo likachafua jina kubwa. Wakenya walikosa mikopo mikubwa kwa sababu ya mia tano iliyosahaulika kwenye laini ya zamani, mpaka kanuni za 2020 zikazuia deni lililo chini ya shilingi 1,000 kupelekwa CRB, ofisi zinazotunza taarifa za wakopaji. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila leseni. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea ujumbe kutoka programu moja ukinitaarifu kuwa mtu niliyesoma naye ni mdaiwa sugu. Walichota namba yangu kwenye simu yake. Alikuwa amelazwa hospitali.

Daftari la Baba Mdogo analo shangazi yangu hadi leo. Nililipekua mwaka jana. Kwenye ukurasa wa fundi baiskeli hakuna mstari uliopigwa. Chini ya deni, kwa kalamu ile ile ya msumarini, Baba Mdogo ameandika: "Kafiwa. Asidaiwe hadi arobaini."