Kilatini Chetu Kilikuwa Kiswahili

Mzungu ukimuuliza lugha iliyomtesa shule, wengi watakutajia Kilatini. Kule Uingereza, Oxford na Cambridge zilikidai kwa kila anayetaka kuingia mpaka karibu 1960, lugha ambayo hakuna mama anayembembelezea mtoto. Sie watoto wa Kisauni Kilatini chetu kilikuwa Kiswahili sanifu. Usicheke, nisikize kwanza.

Kwetu nyumbani ni Kimvita. Kitwa, mato, ndia, mtele. Nikaandika "ndia" kwenye insha, nikapigwa mstari mwekundu. Njia, si ndia! Mwalimu wangu Kiswahili kakisomea vitabuni, mie nimezaliwa ndani yake, lakini kalamu nyekundu ni ya nani? Madrasa kulikuwa na Kiarabu, darasani Kiingereza, na ukisikika na lugha ya nyumbani unavishwa diski shingoni. Basi nikakua najua nyanya yangu ndiye anayekosea.

Nyanya hakosei kitu. Habari yenyewe iko huku huku kwetu, twaipita na matatu kila siku. Ule mnara wa Krapf kule Nyali wauona? Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao upande huu wa ng'ambo. Sarufi yake ya Kiswahili ikatoka 1850, na kamusi yake 1882, mwenyewe ameshakufa mwaka mmoja nyuma. Kiswahili kilichomo ndani ni hiki chetu zaidi. Halafu pale Kengeleni, Frere Town, misheni ya CMS ilianza 1875 kuwaweka watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na watoto wao wakafunzwa kusoma. Kabla ya wamishenari, Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Hizi a, be, che tunazoandika leo ni za Kilatini. Kumbe tulikisoma kweli, herufi tu!

Sasa sikiza hii. 1928 serikali za kikoloni zilifanya mkutano kuchagua Kiswahili kimoja cha shule zote za Afrika Mashariki. Mkutano ulifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Kikachaguliwa Kiunguja. CMS walikuwa upande wa Kimvita, lakini Kiunguja kilikuwa na vitabu vya Askofu Steere wa Zanzibar, misafara ya biashara ilikuwa imekipeleka mpaka Kongo, na Tanganyika kilishatumika maofisini tangu enzi za Wajerumani. 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia vitabu, na mambo yakaisha.

Mie sipingi uamuzi. Bila lugha moja, mtu wa Likoni na wa Kigoma wangesoma vitabu gani pamoja? Lakini kuchagua moja hakuifanyi nyingine kuwa kosa, na hilo hakuna mwalimu aliyetuambia. Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki karibu 1840, alitunga kwa Kimvita, na vyuo vikuu vinamsoma mpaka leo. Angefanya insha darasani kwetu angetoka na alama ngapi?

Juzi nyanya kamwita mpwa wangu wa darasa la tatu: "Ndoo hapa!" Mtoto kakimbia mbio bafuni, karudi na ndoo ya maji.