Tanzania: Upinde wa Wahadzabe na makosa ya anayeanza kuuchonga
Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, huchonga upinde kutokana na tawi moja lililonyooka na kuufunga upote wa kano za mnyama. Mvulana hupewa upinde wake mdogo akiwa na umri wa miaka 3 hivi.

Anayeanza kuchonga hukosea zaidi kwa kukwangua upande wa nje, usiomwelekea mpigaji. Upande huo ndio unaovutika upinde ukikunjwa. Nyuzi zake zikikatwa, mti hupasuka na kazi ya majuma huishia kuwa kuni. Gome laweza kuondolewa, lakini kisu kifanye kazi upande wa ndani tu, kidogo kidogo. Nusu moja ikigoma kupinda, ipunguzwe hiyo. Upote usivutwe hadi mwisho kabla nusu zote mbili hazijapinda sawa.