Mikutano ya vikundi vya watumiaji wa teknolojia mjini Kigali: nani anafika, nani analipa

Kikundi cha watumiaji wa teknolojia ni muungano wa hiari wa watu wanaofanya kazi na chombo cha aina moja: mafundi wa mitandao ya intaneti, waandishi wa programu kwa lugha ya Python, wachora ramani za kompyuta, wahariri wa Wikipedia. Hakina hisa wala gawio, na mara nyingi hakina hata ofisi. Hata hivyo, mara moja kwa mwaka au zaidi kidogo, kikundi hicho huitisha mkutano unaovuka mipaka, na hapo hugeuka mnunuzi wa huduma kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Hukodi ukumbi, hununua tiketi za ndege, hupitisha vifaa forodhani na kulipa kwa fedha za kigeni. Kwa nchi mwenyeji, fedha anazotumia mjumbe kutoka nje ni mauzo ya huduma nje ya nchi, kama kahawa au chai, isipokuwa hapa mnunuzi ndiye anayesafiri.

Rwanda imeielewa hesabu hiyo mapema kuliko jirani zake wengi. Ofisi ya taifa ya kuvutia mikutano, Rwanda Convention Bureau, ilianzishwa mwaka 2014, na jumba la Kigali Convention Centre, lenye ukumbi mkuu wa watu wapatao 2,600, lilifunguliwa Julai 2016 kwa kikao cha wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika. Mwaka 2023 mapato ya nchi hiyo kutokana na mikutano yalifikia takriban dola milioni 95 za Marekani.

Makala haya yanahusu sehemu ndogo ya soko hilo, ile ya mikutano ya watu wa kujitolea. Inapaswa kutenganishwa na mikutano mikubwa ya serikali na makampuni, kama ule wa Connect Africa wa Oktoba 2007, Transform Africa uliofanyika kwa mara ya kwanza Kigali Oktoba 2013, au maonyesho ya simu ya MWC yaliyoanza mjini humo Oktoba 2022. Huko mzungumzaji ni waziri au mkurugenzi na safari yake ina fungu katika bajeti ya mtu. Katika mkutano wa watumiaji mtoa mada ni fundi, na fungu hilo mara nyingi halipo.

Kigali na wageni wake

Mfano mzuri wa kuanzia ni AfNOG, umoja wa waendeshaji wa mitandao barani Afrika. Ulikutana kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 2000, ukapita Kampala mwaka 2003 na Nairobi mwaka 2006, na mwishoni mwa Mei 2010 ukafika Kigali, sambamba na kikao cha AfriNIC, shirika lenye makao nchini Mauritius linalogawa anwani za intaneti barani. Mwaka uliofuata ulikwenda Dar es Salaam.

Desturi ya AfNOG ni kutanguliza siku kadhaa za mafunzo kwa vitendo kabla ya mkutano wenyewe. Wakufunzi hutoka Afrika, Ulaya na Marekani, hufika mapema kufunga kompyuta na nyaya za maabara, na hufundisha kwa kujitolea. Wafadhili hugharimia tiketi na malazi. Muda wa kazi ni sadaka ya mkufunzi, au ya mwajiri wake.

Faida ya jambo hili haionekani katika takwimu za utalii. Chukua vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti, ambavyo huwezesha barua pepe ya mteja wa kampuni moja kumfikia mteja wa kampuni nyingine mji huohuo bila kuzunguka ng'ambo na kulipiwa njia ya kimataifa kwenda na kurudi. Cha Nairobi kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye na mamlaka ya mawasiliano kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, kikarudi kazini mwaka 2002. Cha Rwanda, RINEX, kilianza mwaka 2004. Namna ya kuunganisha mitambo imeandikwa vitabuni. Namna ya kuwashawishi washindani wanne wakubali kukaa chumba kimoja, na kumweleza mdhibiti kwamba hakuna anayeibiwa, haimo kitabuni. Hiyo husikika kwa mtu aliyeyapitia, na kwa kawaida husikika wakati wa chai kuliko jukwaani.

Tangu hapo orodha ya Kigali imekua. Novemba 2022 mji huo ulipokea WikiIndaba, mkutano wa Afrika wa wachangiaji wa Wikipedia na miradi inayohusiana nayo. Mei 2023 ulipokea ICLR, mojawapo ya mikutano mikubwa ya kisayansi duniani kuhusu kompyuta zinazojifunza, na Agosti 2025 ukapokea Deep Learning Indaba, ambao mwaka 2019 ulikuwa Nairobi.

ICLR si mkutano wa kikundi cha watumiaji, lakini njia iliyoufikisha Kigali inaeleza mengi. Desemba 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakakosa mkutano mkubwa wa fani hiyo mjini Montréal. Baadhi yao walikuwa na kazi za kuwasilisha. Malalamiko yakawa makubwa, na ICLR ya mwaka 2020 ikapangwa kufanyika Addis Ababa, ila ugonjwa wa UVIKO-19 ukaihamishia mtandaoni. Afrika ililazimika kusubiri hadi Kigali.

Mlango ulio wazi

Sababu ya kwanza ya waandaaji kuchagua Kigali ni uhamiaji. Kuanzia Januari 2013 Rwanda iliwaruhusu raia wa nchi zote za Afrika kupata viza wanapowasili, na Januari 2018 ikaupanua utaratibu huo kwa raia wa dunia nzima. Novemba 2023 Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Waafrika wataingia bila kulipia viza. Mwandaaji aliyewahi kuandika barua za mwaliko hamsini kwa balozi tisa anajua thamani ya jambo hilo.

Raia wa Rwanda, Kenya na Uganda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Tanzania haikuingia katika mpango huo, hivyo Mtanzania aende na pasipoti. Mgeni wa mbali anayetaka kuunganisha safari anaweza kutumia viza ya pamoja ya utalii ya nchi hizo tatu, ambayo ni dola 100 kwa siku 90.

Mlango wa nchi ukiwa wazi, barabara inaweza kuwa imefungwa. Kati ya Februari 2019 na mwisho wa Januari 2022 mpaka wa Gatuna, ambao ndio njia kuu ya basi kutoka Kampala, ulikuwa umefungwa. Mtoa mada wa Kampala aliyekuwa na safari ya usiku mmoja, kilometa 500 hivi, alilazimika kufikiria ndege. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda. Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizuia ndege za Rwanda kupita katika anga yake. Kwa hiyo kabla ya kutangaza orodha ya wazungumzaji, mwandaaji na aulizie kwanza hali ya kila mpaka kwa wiki hiyo, si kwa mwaka uliopita.

Nauli: nani anatangulia kulipa

Hapa ndipo penye shida. Viza ikishaondoka njiani, kinachobaki ni tiketi, na swali si bei yake tu bali ni mfuko wa nani unaotoka fedha kwanza.

Utaratibu uliozoeleka, uliorithiwa kutoka mikutano ya Ulaya na Marekani, ni kurudishiwa. Mtoa mada anunue tiketi, alipie hoteli, atunze stakabadhi, kisha baada ya mkutano ajaze fomu na kusubiri. Kiuchumi huo ni mkopo usio na riba ambao mzungumzaji anaupa mkutano. Mhandisi wa Amsterdam mwenye kadi ya benki huutoa bila kuhisi. Mwalimu wa kompyuta wa Mbeya hawezi. Tiketi ya kwenda Kigali na kurudi inaweza kula mshahara wake wa mwezi au zaidi, na fedha zikirudi baada ya wiki sita, zikiwa zimekatwa gharama za benki mbili, kodi ya nyumba na karo za shule hazikumsubiri.

Matokeo yake huonekana kwenye ratiba. Wanaopanda jukwaani huwa ni wale wenye mwajiri mkubwa, shirika la wafadhili au chuo kinachotoa posho. Anayetunza mtandao wa hospitali ya wilaya, ambaye pengine ana habari muhimu kuliko wote, hutuma pendekezo, hukubaliwa, kisha huandika barua fupi ya kuomba radhi. Kamati nyingi huhesabu hiyo kuwa mtoa mada kajitoa. Kwa maoni ya mwandishi huyu ni hesabu mbaya, kwani aliyejitoa ni mkutano.

Ipo mifano ya kufanya vinginevyo. Mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulipofanyika Dar es Salaam Agosti 2018, waandaaji walianzisha mfuko wa kugharimia safari za wajumbe wasio na uwezo. DjangoCon Africa ya Zanzibar, Novemba 2023, nayo ilitoa misaada ya safari. Mfuko wa namna hii huwa na maana zaidi kamati inaponunua tiketi moja kwa moja kwa jina la msafiri na kulipa hoteli kwa ankara moja, badala ya kukusanya stakabadhi baadaye. Kamati hulalamika kwamba huko ni kuongezewa kazi. Ni kweli. Lakini kazi hiyo lazima ifanywe na mtu, na kamati ndiyo yenye akaunti.

Akaunti yenyewe inahitaji maelezo. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kupokea fedha za mfadhili kwa jina lake, hivyo vikundi vingi huegemea chuo au kampuni rafiki. Makubaliano hayo yaandikwe, hasa kuhusu nani anabaki na salio. Hoteli za Kigali hudai malipo ya awali, na mfadhili wa nje hupenda kulipa mwishoni. Pengo kati ya tarehe hizo mbili limeua mikutano mingi kuliko uhaba wa wazungumzaji.

Kuhusu kodi, mwandaaji aulize kama bei aliyopewa inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tangu Julai 2025 kuna pia tozo ya utalii ya asilimia 3 kwenye malazi. Adai stakabadhi ya mashine ya kielektroniki, inayojulikana Kigali kwa jina la EBM, kwa sababu mkaguzi wa mfadhili hataridhika na karatasi ya mkono. Mzungumzaji wa nje anayelipwa ada na taasisi ya Rwanda ategemee kukatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 15. Hiyo inahusu ada, si tiketi.

Ukumbi, mizigo na kalenda

Kikundi cha watu 80 hakihitaji jumba kubwa. Kuna kLab, kituo cha vijana wa programu kilichofunguliwa mwaka 2012 katika jengo la Telecom House, Kacyiru. Kuna Norrsken House, na kumbi za Chuo Kikuu cha Rwanda, pamoja na Carnegie Mellon University Africa. Kumbi za vyuo zina faida ya intaneti ambayo tayari imezoea watu wengi kwa wakati mmoja. Hoteli inayoahidi intaneti ya kasi mara nyingi imeipima chumba kikiwa kitupu.

Vifaa vya maabara vinavyokuja na kurudi vipitishwe kama uingizaji wa muda chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwa dhamana, vikiwa na orodha yenye namba ya kila kifaa. Kompyuta ya mkononi ya msafiri haina tatizo. Swichi ishirini ndani ya sanduku moja zina maswali.

Mizigo ya zawadi inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vya kutumika mara moja. Fulana za mkutano zilizofungwa moja moja kwenye nailoni zifunguliwe kabla ya safari.

Tarehe nazo zichaguliwe kwa heshima na hesabu. Wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na haipangwi mkutano wenye sherehe. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi, na maduka na usafiri husimama hadi saa tano, hivyo kikao cha siku hiyo kianze mchana. Mwaka 2024 ulileta tahadhari nyingine: homa ya Marburg ilitangazwa Septemba 27 na kutangazwa kwisha Desemba 20. MWC ya Oktoba ilifanyika hata hivyo, lakini mkutano mdogo usio na kifungu cha kuahirisha katika mkataba wa ukumbi ungepoteza malipo yake ya awali.

Soketi za umeme za Kigali ni za pini za mviringo, tofauti na zile za pini tatu bapa za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo mgeni abebe adapta. Na saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja: kikao cha saa tatu asubuhi Kigali ni saa nne Nairobi, na mtoa mada atakayezungumza kwa video kutoka Arusha aandikiwe saa zote mbili kwenye mwaliko.